Kachumbari ya Nyumba Mbili

Jumapili, 4 Mei

Mvua za masika zimekata. Baada ya misa nimevua kitenge cha kanisani, nimevaa gauni la kazi, nimeingia bustanini nyuma ya nyumba na jembe langu. Maisha yangu yote ya ualimu nimesahihisha madaftari ya darasa la tatu kwa kalamu nyekundu. Sasa nimestaafu na mkono unawasha, ndiyo maana naandika haya. Nitaandika msimu huu wa nyanya mpaka uishe, na nikichoka nitaacha. Hakuna mkaguzi.

Nyanya nitaziweka upande wa jua, matango kando ya ukuta, pilipili mbuzi karibu na bomba, giligilani chini ya mndimu. Vitunguu sipandi. Nilishapigana na mchanga huu wa Ukonga kwa ajili ya vitunguu, nikashindwa. Nanunua.

Nilikuwa nimeinama Hayat alipopita kipenyoni. Kipenyo chetu ni uwazi kwenye ua wa michongoma ulio kati ya nyumba yangu na yake. Hakuna aliyekikata. Kimetokea chenyewe kwa sababu sisi wawili tumepita hapo tangu tulipoletwa mtaa huu tukiwa maharusi, yeye kwa Aidarus mwenye duka, mimi kwa marehemu Gaudens, mchonga vinyago.

"Filo, mwaka huu usinibanie, panda nyanya nyingi," akasema. "Maisa anaolewa Agosti, inshallah."

"Hongera! Na salamu umeziacha dukani?"

"Salamu baadaye. Pilau watapika wapishi. Kachumbari ya harusi ya mwanangu unakata wewe. Sitaki mkono wa mtu mwingine."

Nikamwambia nitafikiria. Akaondoka anacheka, maana anajua nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatano, 7 Mei

Miche iko ardhini. Mgongo umegoma.

Jumanne, 13 Mei

Kuku wa jirani wa mbele wamechakura tuta la giligilani. Nimesema maneno ambayo mwalimu hasemi.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi kulikuwa na ubaridi ule wa mwanzo wa kipupwe. Nimepalilia peke yangu, na kila nikivuta jani nilikuwa nakumbuka kachumbari yangu ya kwanza.

Kwetu Ndanda nyanya ilikuwa ya kuungia mboga. Kuila mbichi kwenye bakuli sikuwahi kuona. Nilipofika hapa bibi harusi, Gaudens akaleta samaki wa kukaanga, akaniambia, "Leo kata kachumbari kama ya jirani." Nikachungulia kwa jirani siku moja nikadhani nimeelewa. Nikakata vitunguu vinene kama pete za pazia, nikatupia nyanya, nikamwaga chumvi yote, nikafunika, nikaenda kuoga. Kurudi, bakuli lilikuwa na ziwa. Hayat alikuwa amekuja kuomba kiberiti. Akafunua, akatazama, akaniuliza kwa upole, "Shoga, umepika supu?"

Nilitaka kumfukuza. Badala yake akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akanifundisha. Kitunguu kikatwe chembamba, kifikichwe na chumvi mpaka kilegee na ukali ukitoke, kioshwe, kikamuliwe. Nyanya ikatwe mwisho. Chumvi na ndimu viingie watu wakiwa wameshanawa mikono. "Kachumbari haimsubiri mtu," alisema, "mtu ndiye anayeisubiri."

Mimi nikamfundisha kuchemsha ming'oko, mizizi ya porini ya kwetu. Kila aliyetoka kusini alinibebea, na Maisa akiwa mdogo alikuwa anaijia jikoni kwangu na kula mpaka anashindwa kupita kipenyoni, inabidi abebwe. Edgar wangu naye alikulia kwenye jamvi la Hayat. Watoto wale walikuwa hawajui nyumba ipi ni ya nani.

Nazitamani siku zile. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma: natamani hata ile kelele yao.

Jumapili, 8 Juni

Idi mosi ilikuwa jana. Sinia la pilau lilipita kipenyoni limefunikwa kawa, kama kila mwaka. Nyanya zangu bado maua, kwa hiyo nikakata kachumbari ya nyanya za kununua na kuomba radhi. Hayat alisema zina ladha ya gari. Ni kweli, zimesafiri.

Nikila pilau nilimkumbuka Gaudens na nguruwe wake. Nyumba hii nyama ya nguruwe haijawahi kuingia. Hakuna aliyetukataza, wala Hayat hakuwahi kusema neno. Sisi wenyewe tuliona kwamba mtu anayekula kwenye sufuria zako kila siku hapaswi kujiuliza zimepikiwa nini jana. Gaudens kitimoto alikipenda kufa. Akiuza kinyago kikubwa alipitia baa akala hukohuko, akirudi anakwenda bombani kwanza, ananawa, anasukutua, ndipo anasalimia majirani. Hayat anamwambia toka mbali, "Baba Edgar, leo umenawa kama unakwenda kuswali. Umetokea wapi?" Naye anajibu, "Kazini, shemeji." Mtaa mzima ulijua kazini ni wapi.

Jumatatu, 23 Juni

Kantangaze wameingia. Ni wale wadudu wanaochora ramani kwenye majani ya nyanya kisha wanayaua. Nimechuma majani yote yenye michoro nikayachoma, nimenyunyiza maji ya mwarobaini. Hayat naye amekuja kusaidia, amevaa glavu za Aidarus za kubebea mafuta ya taa. Tulinuka wote wawili.

Alhamisi, 10 Julai

Nyanya za kwanza! Nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Matango yalishatangulia, na pilipili mbuzi zinang'aa.

Kabla ya adhuhuri bakuli la Hayat lilikuwa juu ya jiwe pale kipenyoni, lile la bati lenye maua ya bluu. Ndivyo tunavyofanya kila msimu tangu ujana: bakuli linakuja tupu, linarudi na kachumbari, yeye na Aidarus wanaila na wali wa mchana.

Nikatungua ubao wangu msumarini. Gaudens aliuchonga kwa kipande cha mninga, mwaka ambao mteja alilipia nusu ya kinyago na hakuonekana tena. Hayat alikuwa analalamika kwamba maji ya nyanya yanamwagika mezani na ndiyo yenye utamu. Basi Gaudens akakaa siku nzima akachimba mfereji pembeni kuzunguka ubao, na mdomo kwenye kona, maji yaangukie bakulini. Akatuletea akasema huu ni ubao wa wake zake wawili. Aidarus akamdai talaka ya mmoja. Tulicheka mpaka mimi nikakaa chini.

Ni mwaka wa tatu tangu afariki, na mfereji ule bado unapeleka maji panapotakiwa.

Jumatano, 16 Julai

Bakuli limekuja, bakuli limerudi. Hayat anasema pilipili zangu zimepandwa na mtu mwenye hasira.

Jumapili, 20 Julai

Edgar na mkewe Lusungu wamekuja kutoka Sinza. Sikukaa nao, jumuiya yetu ilikuwa na maziko. Nimewaachia jiko. Nimerudi wameshaondoka, nyumba safi, sufuria zimepangwa. Yule binti simwelewi. Ananiita mama kwa sauti ndogo sana, anatabasamu, haongei. Wasichana wa Sinza na kucha zao. Ila sufuria amesugua.

Jumatatu, 21 Julai

Bakuli limekuja, bakuli limerudi. Hayat amesema ya leo ndiyo bora ya msimu mzima, na Aidarus amekunywa maji ya chini.

Jumanne, 22 Julai

Leo nitaandika yote.

Saa nne asubuhi Lusungu alinipigia kushukuru kwa nyanya nilizowaachia.

"Shikamoo mama. Tuliacha jiko vizuri?"

"Marahaba. Vizuri sana, mwanangu."

"Na ule ubao, mama, jamani unakatia vizuri! Edgar alipewa kitimoto kibichi na rafiki yake, nikakikatia hapohapo, nikakikaanga. Ila niliuosha kwa maji ya moto na sabuni, nikaurudisha msumarini."

Nikakata simu. Nadhani alidhani mtandao umekata. Nikampigia Edgar kazini.

"Wewe umekulia nyumba hii. Ulikuwa wapi?"

"Mama, mie nilikuwa kwa kina Benson naangalia mpira. Kurudi nikakuta ishakaangwa. Nikaona nikiongea nitamtia aibu Lusungu bure. Si aliosha? Ishu ndogo hii, mama."

Nilimwambia kama ni ndogo aje aieleze mwenyewe kwa mama Maisa, mwanamke aliyempakata akiwa na surua.

Baada ya hapo nilikaa jikoni. Naandika ukweli: nilifikiria kunyamaza. Jana ameshakula. Ameshasifia. Ubao ningeufua, ningeuanika juani, nani angejua? Lakini bakuli lilikuwa limeshakuja, limekaa pale kwenye jiwe na maua yake ya bluu, na miguu yangu haikuweza kulipita.

Nikalichukua tupu, nikaenda nalo. Hayat alikuwa uani anachagua mchele wa harusi kwenye ungo. Nikamweleza yote, kuanzia maziko mpaka simu. Sikumtetea mtu.

"Lini?" akauliza.

"Jumapili."

"Na ya jana ulikatia palepale."

"Palepale. Nilikuwa sijui, Hayat."

Akaendelea kuchagua mchele. Alitoa punje nyingi nzuri akatupa, mawe akayaacha.

"Nisichokijua Mungu hanihesabii," akasema hatimaye. "Lakini sasa nimejua."

Nikataka kushika mkono wake, akauchukua kwenda kurekebisha mtandio. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuniambia, mama Edgar." Aliniita mama Edgar kwa sauti ile anayoitumia dukani kwa wateja. Nimekuwa Filo wake tangu tukiwa wasichana.

Nyanya zilizoiva leo sikuzichuma.

Jumatano, 23 Julai

Nilikuwa namwagilia. Kupitia kipenyoni nikamwona Hayat bombani kwake, amechuchumaa, analisugua bakuli lile kwa udongo. Udongo kabisa, wa chini. Anasugua, anasuuza, anasuuza tena na tena, kama mtu anayetaka litoboke. Aliinua macho akaniona. Sote tukainamisha vichwa.

Sabuni haikumtosha. Nimemchukiza kiasi hicho.

Alhamisi, 24 Julai

Bakuli halikuja.

Ijumaa, 25 Julai

Bakuli halikuja. Wifi yake Khulud ameshafika kutoka Temeke kusimamia shughuli. Sauti yake inapita michongoma yote.

Jumamosi, 26 Julai

Bakuli halikuja.

Jioni nimewasha mafiga ya nje, nimeutungua ubao, nimeuweka motoni. Nilisema moyoni kwamba kitu kilichotutenganisha kisiwepo. Mninga ni mgumu kushika, lakini ukishashika haurudi nyuma. Mfereji ndio uliwaka mwanzo. Nilikaa mpaka ukawa majivu, nikalia kwa sauti, nikamwomba Gaudens msamaha. Ilikuwa kama siku ya maziko yake, tofauti ni kwamba siku ile Hayat alikuwa amenishika kiuno.

Jumatano, 30 Julai

Mvua ya mchoo imenyesha usiku kucha, haikuombwa na mtu. Nyanya zilizokuwa zimekauka kiu zimekunywa kwa pupa, zimepasuka. Nusu nimewapa kuku wa jirani, wale wale wachakuraji.

Bakuli halikuja.

Jumamosi, 2 Agosti

Maisa amekuja. Alipita mlango wa mbele, kama mgeni. Binti aliyekuwa analala kwenye gunia la ming'oko jikoni kwangu amepiga hodi barazani.

"Shikamoo mama Filo."

"Marahaba, bibi harusi. Kaa."

Hakukaa. Akasokota pindo la mtandio. "Mama Filo, shangazi Khulud amesema chakula chote wapike watu wa shughuli wa Temeke. Pamoja na... vyote. Eti kwa ajili ya wageni wa upande wa kule. Mie sikupenda."

"Na mama yako?"

"Mama kanyamaza. Siku hizi ananyamazaga tu."

Nikamwambia asijali, harusi ni ya kufurahi. Nikamfungia matango ya kusuguliwa usoni, maana siku za urembo zinaanza. Akanikumbatia akaondoka haraka.

Nimekaa nikatazama bustani. Nilipanda nyanya za harusi na zimeiva zote kwa wakati wake. Hata nyanya zinatii miadi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimegawa nyanya jumuiya. Wamenisifu. Sikusikia.

Jumatano, 6 Agosti

Leo amekuja. Sijui nianzie wapi, nitaanzia mwanzo.

Nilikuwa nachuma pilipili. Hayat akapita kipenyoni, bakuli mkononi, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kufua.

"Filo, lete ubao."

"Ubao?"

"Ule ubao wetu. Lete tuuoshe. Nimemkimbia Khulud, ana simu na wapambaji, tuna nafasi kidogo." Akaongea harakaharaka, hanitazami. "Nilikasirika, nisikudanganye. Si kwako, hata sijui kwa nani. Hasira zikaisha, nikabaki na aibu, nikawa sijui nije vipi. Halafu Khulud ndiyo akafika na mdomo wake. Lakini jambo lenyewe wala si kubwa. Chombo kikiguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kimetakata. Bakuli langu nimeshaliosha hivyo, siku ile uliponiona bombani. Nilikuwa naliosha nikuletee."

Nilisimama na pilipili zangu kwenye upande wa gauni. Miaka yote tuliyoishi naye sikuwahi kuijua sheria hiyo, kwa sababu hatukuwahi kuihitaji. Nilimwona anasugua kwa udongo nikadhani ananionea kinyaa. Alikuwa analitengeneza bakuli lirudi kwangu.

"Filo? Ubao uko wapi?"

"Nimeuchoma."

"Umechoma nini?"

"Ubao. Jumamosi ile. Nilidhani..."

Akaweka bakuli chini polepole. Uso wake ulibadilika. Siku ya kitimoto haukubadilika hivi.

"Umechoma ubao wa Gaudens."

"Nilifanya kwa ajili yako, Hayat."

"Kwa ajili yangu! Mie nilikwambia choma? Ule mfereji niliuomba mie. Shemeji yangu alikaa siku nzima anachimba kwa ajili yangu mie, wewe unautia moto kama kuni?" Sasa alikuwa analia na kufoka pamoja. "Ungeniuliza. Maji si yapo? Udongo si tumeukanyaga? Miaka yote hii, Filo, ungeniuliza tu."

Akaondoka. Bakuli aliliacha. Nimeliingiza ndani na sithubutu kutia kitu.

Nilijiona mimi ndiye niliyepoteza mume, ubao ni wangu, uchungu ni wangu. Sikukumbuka kwamba naye alifiwa na shemeji. Nimekuwa mbinafsi katika msiba, na nimefundisha watoto wengi kugawana.

Jumapili, 10 Agosti

Lusungu amekuja peke yake, bila Edgar, bila kucha. Nilipomfungulia nikaona magoti yake yana vumbi.

"Umeanguka?"

"Hapana mama. Nimetoka kwa mama Maisa. Nilipiga magoti uani, palikuwa na mchanga."

Alikwenda kwake kwanza kabla ya kuja kwangu. Edgar alimweleza yote Ijumaa tu, mpumbavu yule, baada ya yeye kuuliza kwa nini mama hapokei simu. "Kwetu Njombe mtu akikosea hapigi simu," akaniambia kwa ile sauti yake ndogo. "Anakwenda."

"Akasemaje?"

"Alininyanyua. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado, akanipa chai na vitumbua, halafu akanipa ungo nichague mchele. Tumechagua wote. Mama, hakuniuliza hata kidogo kuhusu nguruwe. Aliniuliza kuhusu wewe, kama unakula."

Nikageuka nikajifanya natafuta sukari. Nilimpima binti huyu kwa kucha zake. Katika sisi sote ndiye peke yake aliyekwenda na kuuliza.

Alhamisi, 14 Agosti

Mahema yamesimama. Singeli imeanza asubuhi. Nimepiga pasi dera la sare ya harusi. Hayat aliniletea kitambaa chake mwezi wa tano, kabla ya yote haya.

Jumamosi, 16 Agosti

Maisa ameolewa. Alitoka mzuri, hina mpaka kwenye viwiko, na aliponipita pale kwenye viti akasimama akaniinamia nimshike kichwa, mbele ya wageni wa upande wa kule na mbele ya Khulud. Nikamwombea kwa Kimwera, maneno ya bibi yangu. Mungu anajua Kimwera.

Chakula kililetwa kwenye matrei. Pilau nzuri, sina la kusema. Kachumbari ilikuwa inaogelea. Walitia chumvi asubuhi, vitunguu havikuoshwa, nyanya zilikuwa zimekufa maji. Nilifurahi, na najua ni dhambi, nitaungama.

Hayat alikuwa anazunguka kuhudumia, uso umekwisha kwa uchovu. Kila akipewa sahani anaiweka, anampa mwingine. Macho yetu yalikutana mara moja juu ya meza. Akatazama lile trei la kachumbari, akanitazama mimi, akakaza midomo asicheke. Kisha akaitwa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimewahi misa ya kwanza. Nimerudi, mtaa wote umelala kwa uchovu wa harusi, mahema yanashushwa. Nikaingia bustanini kung'oa mashina ya nyanya yaliyochoka. Zimebaki chache tu za mwisho, ndogondogo.

Hayat akapita kipenyoni. Bado ana hina mkononi, amevaa dera la kulalia, sufuria ya kiporo cha pilau kwapani. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka sufuria kwenye magoti.

"Nyumba imekuwa kimya," akasema. "Aidarus amekwenda dukani Jumapili yote hii, hawezi kukaa ndani. Nimeingia chumbani kwa Maisa nikatoka."

Nikamwambia, "Hayat, kuhusu ubao..."

"Usiniambie kuhusu ubao, bado nimekasirika. Nitakasirika mpaka Ramadhani." Akafunua sufuria. "Sijala tangu juzi. Kile kitu cha jana sikuweza kukitia mdomoni. Kata."

"Sina pa kukatia."

"Mikono si unayo?"

Nikaenda ndani nikachukua kisu, kitunguu, chumvi na bakuli lake la maua ya bluu. Nikakata kitunguu kiganjani, chembamba nilivyoweza, nikafikicha, nikaosha, nikakamua. Yeye akachuma nyanya mwenyewe, akaninyang'anya kisu, akazikata kiganjani kwake juu ya bakuli. Maji ya nyanya yalimchuruzika mpaka kwenye hina ya viwiko na hakuna aliyeyakinga. Hapo ndipo alipomtaja Gaudens. Akasema angetuona angetusonya wote wawili. Tukamlilia pamoja, kama tulivyotakiwa kumlilia tangu mwanzo.

Nikatia chumvi na ndimu akiwa ameshanawa mikono. Akamega pilau, akachota kachumbari kwa vidole, akala. Akachota tena. Nilikuwa nimesimama mbele yake na kisu mkononi, namtazama mdomo kama mama anayemtazama mtoto aliyetoka kuugua.

"Wewe huli?" akaniuliza.

"Nakula."

Sikula. Alimaliza bakuli zima, akalinyanyua kwa mikono miwili akanywa maji ya chini, akanirudishia tupu.